Mark Two ya marehemu ilidrift vizuri Jumatano, Ijumaa ikazunguka kama pia: yaliyotukuta Busia

Wakuu, hodi. Karibu mwaka mzima nimekaa pembeni nikisoma nyuzi zenu za magari bila kusema neno. Leo na mimi naweka kikapu changu chini.

Naandika kwa kidole kimoja na shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imelala vibaya, irukeni muendelee. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na moja kubwa nililifanya kwa mikono yangu, ndiyo maana siwezi kulipamba. Waliokuwepo wako hai wote. Nikidanganya watanisema hapahapa.

Niko Busia, upande wa Uganda. Marehemu mume wangu, Mzee Juma Swaleh, alikuwa msafirishaji. Aliacha lori, ambayo mtoto wetu Hamisi aliibadilisha akanunua Kanta, na aliacha Mark Two nyeupe, silinda sita, ile ya kusukumwa na tairi za nyuma.

Hiyo Mark Two imebeba kila kitu ambacho mpaka huu wa Busia umekiona. Sabuni, vitenge, kuku, mahindi ya Dabani, na bibi harusi watatu: Asha, Mariamu, na Nafula wa Masinya ambaye alitapika njiani.

Mzee alipofariki, gari ikakaa kwenye banda nyuma ya nyumba yangu miaka minne. Kuku wakaifanya nyumba.

Sasa, mjukuu wangu Rehema, mtoto wa binti yangu Zainabu, ana miaka ishirini na sita na ni fundi wa magari. Amefanya kazi miaka sita chini ya fundi Ochwo, Mjapadhola wa Nabuyoga, mtu mnene, mpole, mwenye mikono kama jembe. Rehema anajua kazi. Shida ni kwamba mteja anafika, anamkuta Rehema ameshika spana, mafuta mpaka kwenye kiwiko, na anauliza, "Fundi yuko wapi?"

Kila siku. Miaka sita.

Ndipo akasikia kuna mashindano ya drift Tororo. Akaja kwangu, bibi yake, akasema, "Jaja, nipe gari ya Babu. Nataka waione ikitembea, halafu waulize nani aliitengeneza."

Mimi nikamwita Hamisi, kwa sababu gari ya baba yake siwezi kuitoa kama sahani ya wali. Tukakaa sebuleni watatu.

Hamisi hakupenda. Alisema, "Mama, gari ya baba imefanya kazi miaka yote. Sasa imalizie uzee wake kwa kuzungushwa kama kichaa?"

"Mjomba, haizungushwi," Rehema akasema. "Inakwenda ubavu. Ikizunguka, hapo nimeshindwa."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

"Haya. Mama, wewe ni shahidi. Ikizunguka mbele ya watu Tororo, Jumapili naifunga keria juu, inabeba kuku. Isipozunguka, ni yake, na sitaigusa tena."

Nikawa shahidi.

Hamisi akaongeza sharti lingine: gari isitoke kwenye boma langu kwenda gereji, isije ikapotea spea. Kwa hiyo kazi yote ikafanyika bandani kwangu, hatua kumi kutoka jikoni. Hapo ndipo mimi nilipoingia, wakuu. Mtu akiweka kazi ya ajabu hatua kumi kutoka jiko lako, utabaki jikoni?

Nikachukua kigoda changu.

Siku ya kwanza nikamuuliza Ochwo, "Kwani drift ni nini?"

Akasema kwa Kiswahili chake cha Nabuyoga, "Mama, ni gari kwenda na ubavu. Nyuma nataka kupita mbele, wewe nakataza kidogo tu."

"Si ndiyo kuteleza huko? Mzee aliteleza na lori ya chumvi njia ya Malaba, sikuona mtu akipiga makofi."

"Yule aliteleza bila kupenda," akasema. "Huyu nateleza na akili."

Hilo likanikaa. Kuteleza na akili. Nikataka kujua akili yenyewe imewekwa wapi ndani ya gari.

Nikauliza chesisi iko wapi, maana chesisi ninayoijua mimi ni ya lori, zile mbao mbili za chuma zinazolala chini kutoka mbele mpaka nyuma. Nikainama, nikachungulia. Hakuna kitu. Ochwo akapiga bodi ngumi, akasema, "Hii yote ndiyo chesisi. Kibati, nguzo, sakafu, yote nashikana kama yai."

Na yai letu lilikuwa limeoza. Pale kuku walipokuwa wanalala, sakafu ilikuwa na kutu unaweza kupitisha kidole. Rehema alikata kutu yote, akachomelea mabati mapya. Halafu akaweka fito ya chuma kutoka kichwa cha shokomzoba ya kulia mpaka ya kushoto, mbele na nyuma. Nikauliza ya nini. Akasema, "Jaja, bodi ikijipinda, vipimo vyote ninavyoweka huku chini ni uongo."

Difu waliichomelea. Hili lilinisumbua siku mbili mpaka nilipoelewa. Kumbe kwenye kona tairi ya nje inatembea mwendo mrefu kuliko ya ndani, na kazi ya difu ni kuiachia kila tairi mwendo wake. Ukiichomelea, zote mbili lazima zizunguke pamoja, zipende zisipende, kwa hiyo zinaburuza. Na ukitaka nyuma iteleze, kuburuza ndiko unakokutafuta.

Miaka arobaini na tano nimeolewa na mtu wa magari, na sikujua hilo. Sikuwahi kuuliza. Alikuwa anarudi amechoka, mimi namwekea maji.

Jumatatu akaja Barasa. Barasa ni wa ng'ambo, Busia ya Kenya, amekwenda kwenye hizo drift za kwao mara nyingi, na yeye ndiye aliyeleta shokomzoba za kukaza na kulegeza, spring zake fupi ngumu, na mikono mifupi ya usukani ya kufanya tairi za mbele zikate zaidi. Ananiita Kukhu, maana kwao bibi ni kukhu.

"Kukhu, hii chuma itawaka," akaniambia.

"Isiwake bandani kwangu," nikamwambia.

Akacheka, akaacha vitu, akavuka kurudi kwao. Alisema atakuja Ijumaa kuangalia. Kumbukeni hapo: Jumatatu alikuja, akarudi, asionekane tena mpaka Ijumaa.

Jumanne asubuhi Rehema aliipeleka gari Dabani kusikiliza spring mpya zinavyolia njiani. Na kwa kuwa shamba letu liko huko, na kwa kuwa katika nyumba hii gari haijawahi kutoka Dabani tupu tangu izaliwe, alirudi na gunia mbili za mahindi kwenye buti. Gunia za kilo mia mia, zile zilizoshindiliwa.

Akaegesha. Akaenda kunawa.

Ochwo akafika, akafungua buti kutafuta jeki, akaona gunia mbili. Akachukua kamba akazifunga, kwa vile vifundo vyake vya kufunga mizigo, zikalala pale kama ndama wawili. Akafunga buti. Kazi ya kupima ikaanza.

Wakuu, kupima kwenyewe kulikuwa kuzuri kuliko sinema.

Kwanza walipima sakafu ya banda kwa mpira wa maji, ule wa waashi. Mimi nilishika ncha moja, Rehema nyingine. Palipopungua waliweka vipande vya marumaru chini ya tairi mpaka tairi nne zikasimama sawasawa. Halafu wakapigilia vyuma pembeni, wakafunga kamba nyembamba ya mwashi, moja kulia moja kushoto, zimekwenda sambamba na gari toka mbele mpaka nyuma. Kutoka kwenye kamba unapima mpaka kwenye rimu, mbele ya rimu na nyuma ya rimu. Tofauti ndiyo inakwambia tairi inaangalia wapi.

Tairi za mbele walizilaza, kichwa kimeingia ndani, miguu imetoka nje. Nikasema, "Hii gari imepata matege."

Rehema akakata usukani mpaka mwisho, akaniita nije nione. Ile tairi iliyokuwa imelala, ilipokatwa ikasimama wima, uso wote chini. "Umeona, Jaja? Haikulazwa kwa ajili ya kwenda moja kwa moja."

Niliona. Nilimwambia arudie mara tatu.

Za nyuma walizisimamisha karibu wima, zikaangalia ndani kidogo sana, unene wa njiti ya kiberiti. Ochwo alisema hiyo njiti ndiyo inayoituliza nyuma isikurupuke.

Mimi nilikuwa na kipimo changu pia. Nikaingiza mkono kati ya tairi ya nyuma na madigadi. Vidole viwili viliingia, cha tatu kikagoma. Nilifanya hivyo kwa udadisi tu, nijue gari imeshuka kiasi gani.

"Mama, wewe iko na maswali kama mtu ya kastamu," Ochwo akasema.

Jumatano tukaenda kujaribu. Kule Masinya kuna uwanja wa zege wa zamani uliokuwa wa kuanikia pamba, siku hizi hauna mwenyewe zaidi ya mbuzi. Rehema akapanga ndoo nne kama koni. Akavaa helmeti. Akaondoka.

Nilisema sitapamba, lakini jamani. Gari ile nyeupe ilikuja, akaivuta handbreki, nyuma ikafunguka kama mlango, ikapita ndoo zote kwa ubavu, moshi umesimama, mbuzi wamekimbia, na Rehema ndani anaangalia kupitia dirisha la pembeni kama mtu anayemsalimia jirani. Kushoto. Kulia. Akarudia. Kila mara vilevile.

Nililia kidogo. Si kwa huzuni. Nilifikiri, Mzee Juma angeona.

Sasa ndio tufike kwangu.

Alhamisi Rehema na Ochwo walikwenda Tororo kujiandikisha na kuuangalia uwanja. Gari imebaki bandani. Mimi nikatafuta turubai, nikafikiria kwamba lile la kijani liko kwenye buti. Nikafungua.

Turubai halikuwepo. Harufu ndiyo ilikuwepo.

Mahindi yalikuwa hayajakauka vizuri, na yamekaa siku tatu kwenye buti lililofungwa. Nikaingiza mkono kwenye gunia, joto. Kila mkulima anayesoma hapa anajua joto hilo ni nini. Siku mbili zaidi, ukungu, halafu unawatupia kuku, na kuku nao wanakufa.

Nikamwita jirani yangu Nekesa. Tukafungua vifundo vya Ochwo, tulihangaika navyo sana, tukayatoa mahindi beseni kwa beseni mpaka buti likawa jeupe. Tukayaanika nyuma ya nyumba. Jioni tukayakusanya, tukayaweka stoo.

Je, nilimwambia mtu? Sikumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba ameanika mahindi?

Ijumaa baada ya swala wakaja wote Masinya. Hamisi amekuja na kanzu yake, Barasa amevuka, Ochwo yupo. Rehema alitaka mjomba wake aone kabla ya Tororo, apoe moyo.

Akapanga ndoo zilezile. Akaja kwa mwendo uleule. Akavuta handbreki.

Gari ikazunguka kama pia. Ikasimama imetazama ilikotoka.

Tukasema bahati mbaya. Akarudia. Nyuma ilifunguka, halafu badala ya kungoja ikaruka, ikampita, ikazunguka kama pia tena. Mara ya tatu ilikanyaga ndoo mbili na kusimama hatua chache kutoka kwa mbuzi.

Rehema akatoka. Akavua helmeti. Akaiweka kwapani, akainama kuangalia tairi za nyuma.

Wanaume wakaanza.

"Ni shokomzoba zako," Ochwo akamwambia Barasa. "Vitu ya mtumba hiyo."

"Mzee, usinibebeshe. Hiyo difu yako umechomelea ukiwa umelala?"

"Difu? Jumatano difu ilikuwa ya nani?"

Wakapunguza upepo wa tairi, wakaongeza. Wakakaza shokomzoba, wakalegeza. Barasa akaingia chini, akatikisa kila bushi, zile raba za kwenye viungo. Rehema akajaribu tena: ikazunguka.

Hamisi aliangalia saa. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema polepole, "Rehema, mwanangu, si lazima uende kuaibika Tororo. Sema tu. Keria ninayo nyumbani."

"Nitakwenda, Mjomba."

"Na ikizunguka?"

"Tulishakubaliana."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tairi ya nyuma, sina la kufanya. Mkono wangu ukaenda wenyewe pale nilipozoea. Vidole viwili vikaingia. Cha tatu kikaingia. Cha nne kikaingia, na bado kuna nafasi.

Nikazunguka upande wa pili. Vinne.

Nikasimama. Nikajiuliza, gari inakuwaje ndefu? Jumanne viwili, Ijumaa vinne. Nani ameiinua? Hakuna aliyegusa spring. Halafu nikaanza kuhesabu nini kimetoka ndani ya gari tangu Jumatano.

Wakuu, ni gunia mbili za mahindi tu.

Nawaambia ukweli kama nilivyoahidi: niliwaza kunyamaza. Mimi ni mkubwa wa nyumba. Nimekuwa shahidi wa makubaliano, halafu mimi ndiye niliyeingiza mkono kwenye gari. Na Hamisi tangu mwanzo alisema kigoda changu kirudi jikoni.

Lakini nilimwangalia yule mtoto na helmeti yake kwapani.

Nikasema, "Ochwo. Yale mahindi kwenye buti yalikuwa na kazi?"

Ochwo akageuka. "Mahindi gani? Ile mzigo ya Rehema?"

"Mzigo wangu?" Rehema akasema. "Fundi, si wewe ulizifunga kamba? Nilidhani umezipigia hesabu."

"Mimi nilidhani wewe naleta ya kupimia! Nani napima gari tupu?"

Wote wakaniangalia. Nikasema, "Niliyaanika jana. Yalikuwa yameanza kupata moto."

Ochwo akaenda akafungua buti. Akaangalia ndani muda mrefu, kama mtu aliyefungua kaburi akakosa maiti.

Sasa niwaeleze wale wa mbali, maana kosa hili nadhani linapatikana kwetu tu. Fundi wa mpakani hapimi gari tupu. Gari zetu zote ni za mzigo, hata iwe gari ndogo ya mwalimu, Ijumaa itabeba kuku. Ukiipima tupu, ikipakiwa inakaa chini, tairi zinageuka, zinaliwa upande mmoja kabla ya mwezi. Kwa hiyo Ochwo, miaka thelathini, kazi yake ni kusema: lete na mzigo ndani. Alipoona gunia mbili kwenye buti moyo wake ulitulia. Na Rehema alipoona vifundo vya mwalimu wake, hakuuliza.

Kila mmoja alifikiri mwenzake ana sababu.

Gunia mbili zilikuwa zimekandamiza nyuma, ndipo wakaweka ile njiti ya kiberiti. Gunia zilipotoka, nyuma ikapanda, tairi zikageuka, njiti ikapotea na uzito wa kutuliza ukapotea. Ndiyo sababu ilikuwa inakurupuka.

Hamisi akasema, "Mama. Nilikwambia kuhusu kigoda."

"Uliniambia," nikasema.

Ochwo alikuwa amenuna. "Mama, ungeuliza tu. Mdomo moja."

Basi Rehema akasema twende tukayarudishe mahindi, tufunge, tumalize. Ndipo Barasa, ambaye muda wote alikuwa ameshika kiuno anatuangalia kama watu wa sarakasi, akafungua mdomo.

"Wasee, ngojeni. Mlikuwa mnaenda Tororo na magunia kwa buti?"

"Eh."

"Aki nyinyi. Kesho kabla ya kuingia wanakagua gari. Buti lazima iwe tupu, hata spana haibaki. Wangezitoa hizo mahindi asubuhi, na hapo hakuna kamba, hakuna marumaru, hakuna saa. Ungeingia hivi hivi, uzunguke mbele ya watu wote." Akanigeukia. "Kukhu, umewaokoa na hawajui."

Ochwo alikohoa. Nikaona bega lake linashuka taratibu. Akasema, "Basi leo napima gari tupu. Mungu wa Nabuyoga anisamehe."

Tulirudi bandani saa tisa. Mpira wa maji, marumaru, vyuma, kamba. Rehema akakaa kwenye kiti cha dereva na helmeti yake, kwa sababu Barasa alisema mzigo pekee utakaokuwemo kesho ni yeye, kwa hiyo apimwe naye ndani. Kwa hiyo aliyekuwa anasoma namba kutoka kwenye kamba ni mimi. Miwani mara mbili, lakini nilisoma. Ochwo alikuwa ananung'unika kila anapopita kwenye buti, "Tupu. Tupu kabisa. Kama jeneza la duka."

Wakashusha spring za nyuma mpaka zikakaa mahali pake. Wakairudisha njiti. Barasa akalegeza shokomzoba za nyuma kidogo, akasema gari nyepesi inataka mkono mwepesi. Adhana ya Magharibi ilitukuta tunakusanya kamba.

Hapakuwa na muda wa kujaribu. Hilo mjue. Rehema alikwenda Tororo na gari ambayo hakuna aliyeiona ikitembea na vipimo vile.

Jumamosi, uwanja wa lami wa kuegeshea malori, jua limesimama juu ya ule mwamba mkubwa wa Tororo, watu wamekaa mpaka juu ya kuta. Wakaguzi wakafungua buti. Mmoja akapitisha mkono chini ya zulia akatoka na punje tatu za mahindi. Akamwangalia Rehema. Rehema akasema, "Ni za bibi yangu." Akapita.

Magari tisa. Alikuwa wa saba.

Nilishika shela ya Nekesa, ambaye tulikuja naye, nikaivuta mpaka akalalamika.

Kona ya kwanza, kushoto, ndefu. Nyuma ikafunguka, ikangoja. Ikamngoja! Akaibeba mpaka mwisho. Akaibadilisha kwenda kulia, na hapo nyuma ilikwenda mbali, mbali mno, nikaona tairi za mbele zimekatwa mpaka mwisho na bado inakwenda. Watu wakafanya "aaah" kama mtu anayeangalia chungu kinaanguka. Barasa akafumba macho. Mimi sikufumba, nilitaka kujua.

Gari ikatulia. Bampa ya nyuma ikapiga koni ya mwisho, koni ikaruka, na Rehema akatoka upande wa pili akiwa bado kwenye ubavu.

Haikuzunguka.

Mara ya pili alikwenda kwa woga kidogo, taratibu, hakugusa koni wala hakuzunguka. Wakampa nafasi ya sita. Aliyeshinda ni kijana wa Mbale, gari yake inang'aa kama sahani ya harusi, na alistahili.

Tukasimama pembeni tukinywa soda. Hamisi alikuwa anaiangalia bampa ya nyuma. Ochwo anafuta vumbi kwenye rimu bila sababu. Mimi nilijua Hamisi anawaza ile koni. Mtu akitaka kukataa, koni inatosha.

Akamaliza soda. Akasema, "Rehema."

"Naam, Mjomba."

"Kanta yangu inakula tairi ya mbele kushoto. Ni mwezi wa pili sasa. Utaiangalia lini?"

Wakuu, fundi Ochwo alikuwa amesimama hapohapo, hatua moja. Miaka yote Kanta ile inatengenezwa na Ochwo. Hamisi hakumwangalia. Alikuwa anamngoja Rehema ajibu.

Ochwo akainamia rimu yake, lakini tabasamu kwenye mashavu nililiona.

Rehema akasema, "Lete Jumatatu. Ije na mzigo wake ndani."

Kuhusu Mark Two hakuna aliyesema kitu tena. Funguo ilikuwa mfukoni mwa Rehema na ikabaki humo.

Nilichojifunza si kikubwa. Ukiona kitu kwenye gari ya mtu, hata kama kinanuka, uliza kabla ya kukitoa. Na nyinyi mafundi, mkiona kitu kimefungwa na mwenzenu, muulizeni kwa nini amekifunga. Heshima isiwafanye mabubu. Ningeuliza Alhamisi, tungejua Alhamisi. Wao wangeulizana Jumanne, mimi nisingekuwa na la kuwaandikia.

Sasa na mimi nina swali, na ndilo lililonileta. Barasa anasema tairi za nyuma ziangalie ndani zaidi ya njiti moja, gari itatulia kwenye ile kona ya kulia. Ochwo anasema hapana, zikizidi zitaikaba isifunguke, na afadhali kulegeza fito ya stabilaiza ya nyuma, ile inayozuia gari isilale upande. Wamebishana bandani kwangu wiki nzima na chai yangu inaisha.

Mwenye kujua aniambie, na aniambie kwa nini. Nimerudisha kigoda mahali pake, nasoma kila jibu.